Alama za Marla na Ng'ombe wa Nyuma ya Banda

Tangu alfajiri Marla Henke alikuwa hatulii. Alimvalisha ng'ombe mmoja mashine ya kukamulia, akamvua, akazunguka zizi, akarudi akamvalisha yule yule tena. Ng'ombe akageuza shingo akamtazama kama unavyomtazama mlevi aliyekosea nyumba.

"We Marla, huyo umeshamkamua!" baba yake alipaza sauti kutoka mwisho wa zizi. "Ukimkamua tena atakupa maziwa ya unga."

"Namsafisha tu, Baba."

"Unamsafisha na mashine?"

Marla akaivua mashine. Redio juu ya dirisha ilikuwa inapiga muziki wa polka kama kawaida. Kwenye zizi la Henke redio haizimwi mwaka mzima, kiangazi na theluji, kwa sababu siku moja iliwahi kuharibika na ng'ombe wakagoma kutoa maziwa mpaka Delmar Henke alipoanza kuwaimbia mwenyewe. Waliyatoa haraka sana, anasema, ili anyamaze.

Kilichomnyima Marla raha kilikuwa mtihani. Si kwamba alikuwa anakwenda kuufanya. Ameshaufanya mara tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Ni hivi. Marla alikuwa anataka kusomea udaktari wa mifugo. Vyuo vingi siku hizi vimeachana na ule mtihani wa nchi nzima, lakini chuo kilichokuwa karibu na kwao, ambacho angeweza kusoma na wikiendi akarudi kukamua, bado kilikuwa kinaudai. Mtihani una sehemu mbili kubwa, maneno na hesabu. Unaruhusiwa kuurudia, na mwishoni unachagua mwenyewe utume matokeo yapi: ya mara moja, au ya mara zote. Wenye mtihani wanauita huo uhuru. Marla alikuwa anauita jina jingine ambalo mama yake hakupenda kulisikia mezani.

Mara ya kwanza kwenye maneno alipaa. Alikuwa na kahawa kichwani na mate mdomoni, akajibu kama anapiga soga. Zilipofika hesabu, akagundua kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake: kimya. Chumba kile hakikuwa na redio, hakikuwa na pampu ya maziwa inayokoroma, hakikuwa na baba anayetania. Alisikia tumbo la jirani yake likinguruma, akaanza kulifuatilia, maana alishazoea kusikiliza matumbo ya ng'ombe. Hesabu zikaanguka, na zilianguka vibaya, ile ya kuvunjika shingo.

Mara ya pili alikuwa amejifunza hesabu majira ya baridi yote, na kweli akazimaliza akiwa anatabasamu. Lakini kwenye maneno wakampa habari ndefu ya picha zilizochorwa kwenye kuta za makanisa ya zamani, naye mawazo yakamtoroka yakaenda kwa ndama aliyemwacha anaharisha. Maneno yakashuka. Mwaka jana alituma matokeo hayo peke yake, na chuo kikamkataa kwa barua yenye adabu nyingi, iliyosema kila mwaka maombi yanaanza upya.

Mara ya tatu, kiangazi hiki, alifanya zote mbili nusu nusu. Hakuanguka, hakupaa. Matokeo kama chai iliyopoa.

Na leo, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ndio ulikuwa mwisho wa kutuma.

Baada ya kifungua kinywa, pikapu ya Daktari Roland Pruss, daktari wa mifugo wa bondeni, iliingia uani ikitoa moshi. Siku za kazi Marla ndiye msaidizi wake, na hata Jumamosi hii hakuweza kukaa ndani akijua Daktari anapima mimba kwenye zizi lao. Daktari Pruss alishuka kwenye gari kwa awamu. Mguu mmoja, akapumzika. Mguu wa pili, akapumzika. Halafu akasimama, na magoti yake yakalia kama kuni zinazovunjwa.

"Usiulize," akasema.

"Sijauliza, Daktari."

"Umeyaangalia. Ni sawa na kuuliza."

Alivaa glavu yake ndefu mpaka begani, akaingiza mkono kwa ng'ombe wa kwanza, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Marla alishika mkia.

"Ana mimba huyu. Umeshatuma?"

"Bado."

"Mwisho lini?"

"Leo jioni. Saa kumi na moja."

Daktari Pruss akafumbua macho lakini mkono hakuutoa. "Leo! Na wewe uko hapa umeshika mkia?"

"Mkia ndio kazi uliyoniajiri."

"Msikilize huyu. Delmar! Binti yako anaringa na mkia!"

"Amemrithi mama yake!" Delmar akajibu kutoka mbali.

Wakahamia kwa ng'ombe wa pili. Hapo Daktari hakutania. Alisema kwa sauti ya chini, huku amefumba macho, maneno ambayo Marla alikuwa anayajua tayari.

"Sikia, binti. Wale watu wa hospitali za mbwa na paka wamenipigia tena. Wanataka kununua jengo, na gari, na jina langu pia. Ng'ombe hawawataki. Nikiuza, kuanzia hapa mpaka mto mkubwa hakutakuwa na mtu wa kuitwa ndama akikwama kuzaliwa. Nimewaambia wasubiri. Ukiingia chuo mwaka huu, nitavumilia na magoti haya mpaka umalize. Usipoingia, siwezi kuongeza mwaka mwingine. Si kwamba sitaki. Siwezi."

"Najua, Daktari."

"Huyu hana mimba. Anajifanya tu, amejinenepea. Basi tuma."

"Nitume yapi?"

"Yaliyo mazuri."

"Ndio yapi?"

Daktari Pruss akautoa mkono, akausimamisha hewani ukichuruzika, akafikiri. "Mimi enzi zangu nilifanya mara moja," akasema, "na jana yake nilikunywa bia. Sina la kukusaidia."

Jana Ijumaa Marla alikuwa amepiga simu chuoni. Mama mmoja wa ofisi ya wanaoomba nafasi alipokea, sauti yake tamu kama keki. "Tuma yote, kipenzi," alimwambia. "Sisi tunachukua alama ya juu ya kila sehemu, haijalishi ni ya mtihani wa mara ya ngapi. Hayo mengine hayatusumbui."

Mtu wa mjini angeshusha pumzi hapo hapo akatuma. Marla alikata simu akiwa na wasiwasi kuliko mwanzo. Na mezani mchana, alipoyarudia maneno yale mbele ya sandwichi za nyama ya nguruwe zilizobaki kwenye mazishi ya jana, baba yake aliweka kisu chini.

"Hebu rudia. Hayo mengine yanafanyaje?"

"Hayawasumbui."

"Hayawasumbui." Delmar akacheka, akamgeukia mkewe Colleen. "Mama Marla, umemsikia? Wamemwajiri Virgil Skolaski chuoni."

Virgil Skolaski ni dalali wa ng'ombe. Kila mfugaji wa bonde lile, kusini-magharibi mwa Wisconsin, ameshauza kitu kwa Virgil na ameshajuta. Anakuja na lori safi, anakuuliza habari za watoto, halafu anasema, "Delmar, nitolee wote niwaone. Mimi nachukua wazuri tu, wabaya hawanisumbui." Ukishawatoa, anapita wazuri wote bila kusimama. Anakwenda kusimama mbele ya mbovu kuliko wote, anavua kofia kama yuko msibani, anatikisa kichwa. Basi. Bei ya kundi zima inalala pale pale na hainyanyuki tena.

Ndiyo maana bondeni kila mtu ana ng'ombe wa kufichwa. Siku ya mnunuzi, mchechemeaji anapelekwa nyuma ya banda la mashine na kuwekewa nyasi nzuri ili asipige kelele. Akipiga kelele, mnunuzi anajifanya hajasikia na mwenyewe anajifanya hana sikio kabisa. Hakuna anayeuona huo kuwa uongo. Ni kama kufunga mlango wa chumba cha kulala wageni wakija.

"Ya kwanza hesabu zake zinachechemea," Delmar akasema akihesabu kwa vidole. "Ya pili maneno yake yanachechemea. Ya tatu inatembea. Haikimbii, lakini inatembea. Wewe unamtolea nani vilema wawili uani?"

"Lakini Baba, ya tatu peke yake iko chini ya alama za wanaochukuliwa. Nimeangalia. Iko chini kidogo."

"Kidogo watakusamehe. Kilema hawasamehe."

"Colleen," Marla akamwita mama yake kwa jina, kama anavyofanya akitaka msaada wa haraka, "wewe unasemaje?"

"Ninasema kula," mama yake akajibu. "Na mimi ni mama yako, si karani wa chuo."

Marla hakula. Aliizungusha sandwichi kwenye sahani, akainuka, akaketi, akainuka. Alivaa buti akapanda kilimani kwenye sanduku la barua, maana pale ndipo simu inaposhika mtandao. Chini kule bondeni hata kama ungeiweka simu juu ya ghala la mahindi, ingekuambia huduma hakuna. Aliegemea sanduku la barua, chini yake mashine za jirani zikikata mahindi na upepo ukimletea harufu ya mabua mabichi. Akafungua ukurasa, akaona visanduku vyake: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kidole kikaenda kwenye vyote. Kikarudi. Akamwona Virgil Skolaski amesimama mbele ya hesabu zake za mara ya kwanza, kofia mkononi.

Akachagua ya tatu peke yake. Akatuma.

Akasubiri ahisi nafuu. Haikuja. Kilichokuja ni kama kuku amefungiwa kwenye gari, anapiga mabawa kioo hiki na kile. Akashuka kilima haraka, kama aliyeacha sufuria jikoni.

Mchana ule Delmar alikuwa anauza mitamba, majike ambayo hayajazaa bado. Malisho yalikuwa hayatoshi kwa majira ya baridi, na alikuwa ametangaza. Mnunuzi hakuwa Virgil, Mungu ni mwema. Alikuwa mwanamke wa wilaya ya jirani anayeitwa Yvette Zastrow, mfugaji, mfupi, mpana, buti za mpira, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kufungia majani makavu. Aliegesha pikapu na trela yake katikati kabisa ya njia, akazima, akashuka.

"Wewe ndiye Delmar?"

"Inategemea unadai nini."

"Sidai kitu. Nimekuja kuona mitamba."

Kabla hajafika, Delmar na Marla walikuwa wamemhamisha Dolores. Dolores alikuwa ng'ombe mzee mweusi na mweupe, mguu wa nyuma wa kulia aliuburuta akitembea, kila hatua kama mtu aliyekanyaga msumari. Walimweka nyuma ya banda la mashine na nyasi za kumbembeleza. Marla ndiye aliyemvuta kamba, na walipokuwa wanapinda kona Dolores alimtazama kwa macho yake makubwa, na Marla akajikuta anamwambia, "Usinitazame hivyo. Hata mimi nimefichwa."

Yvette Zastrow aliipita mitamba polepole. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Aliwachagua wawili wanene akawaashiria kwa kidevu. "Hawa sawa. Sasa nionyeshe mama zao."

"Mama zao," Delmar akasema.

"Ndiyo. Mtamba ni ahadi tu. Mimi nataka kumwona aliyeahidi."

"Yule pale ni mama wa huyu. Na yule wa huyu."

"Na wale wawili wembamba kule pembeni? Mama yao yuko wapi?"

Delmar akakuna shingo. "Hao mama yao... yuko malishoni. Mbali kidogo."

Na hapo Dolores, aliyekuwa ameshamaliza nyasi zake, akalia nyuma ya banda. Si mlio mdogo. Ulikuwa ule mrefu wa kuanzia tumboni, mabati ya banda yakaitikia.

Mnunuzi mwenye adabu za bondeni angetazama mawingu. Yvette Zastrow akauliza, "Huyo ni nani?"

"Huyo... wa jirani," Delmar akasema.

"Jirani ana sauti nzuri," Yvette akasema, na tayari alikuwa anatembea.

Marla na baba yake wakamfuata kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Walipofika nyuma ya banda, Dolores akawageukia kwa furaha, akapiga hatua mbili akiburuta mguu. Delmar hakusubiri hukumu. Alianza kujichinja mwenyewe.

"Najua, najua. Mguu. Basi wale wawili wembamba tusahau, na wale wanene nitakupunguzia, maana nimekusumbua kuja..."

"Nyamaza kwanza, kaka," Yvette akasema.

Alivaa miwani. Akachuchumaa kwenye tope nyuma ya Dolores, hakuutazama mguu kabisa, akakitazama kiwele. Akakigusa huku na huku. Kilikuwa kiwele cha kuchorwa: kimeshikwa juu, kipana, chuchu zimekaa kama vidole vya mkono ulionyooshwa, na Dolores na uzee wake wote.

"Loo," akasema. Halafu akarudia kwa sauti nyingine, "Loo! Huyu amezaa mara ngapi?"

"Mimi simkumbuki bila ndama," Marla akasema.

"Na mguu?"

"Aliteleza kwenye barafu pale kwenye birika la kunyweshea. Nyonga ilitoka. Mimi na Daktari Pruss tuliirudisha lakini haikukaa sawa. Hakuzaliwa nao."

"Basi barafu hairithiwi. Kiwele kinarithiwa." Yvette akajiinua kwa kushika mkia wa Dolores, na Dolores hakujali. "Nachukua na wale wembamba. Wote wanne. Na wewe kaka, nusura uniuzie wanene peke yao niondoke! Ungenificha huyu ningejuaje?"

Delmar akaokota kamba ya Dolores, akaanza kuizungusha mkononi.

Lakini Marla alikuwa hamwangalii tena. Kuku wa ndani ya gari alikuwa amesimama ghafla, kichwa upande.

"Mama Zastrow," akasema, "samahani. Mtu akikuonyesha kilema, bei huishushi?"

"Virgil Skolaski amekufundisha hayo?"

"Unamjua?"

"Nani hamjui. Sikia, mwanangu. Virgil ni dalali. Ng'ombe wako hatamlisha hata siku moja, anatafuta sababu ya kumshusha bei. Mimi nakwenda kukaa naye miaka. Ninatafuta sababu ya kumchukua. Mguu siununui. Nachukua kiwele cha huyu, na miguu ya ndama itatoka kwa fahali wangu, ana miguu kama nguzo za kanisa. Wewe unanitazama hivyo kwa nini? Nimesema kitu kibaya?"

"Hapana," Marla akasema. "Saa ngapi?"

Hakuhitaji kujibiwa, maana mbele ya mlango wa zizi ng'ombe walikuwa wameanza kupanga foleni wenyewe, na ng'ombe wa Henke hawakosei saa ya kukamuliwa. Saa kumi na moja ilikuwa inagonga mlango.

Marla akakimbilia pikapu yao. Trela ya Yvette Zastrow ilikuwa imeziba njia nzima, tena milango yake imefunguliwa kupokea mitamba. Akaiacha pikapu, akapandisha kilima kwa miguu, buti zikipiga mashavu ya miguu yake, plap, plap. Nyuma yake akamsikia baba yake anauliza, "Sasa huyu anakimbilia wapi?" halafu buti za pili zikaanza kupiga.

Kwenye sanduku la barua simu ikashika mtandao, ikaachia, ikashika. Akafungua ukurasa, maana kuongeza kuliruhusiwa mpaka saa kumi na moja. Neno la siri lilikuwa DOLORES, na kwa mara ya kwanza likamchekesha. Akagusa kisanduku cha mara ya kwanza. Simu haikuitika. Kidole kilikuwa na tope na mate ya ng'ombe. Akakifuta kwenye suruali, nayo ilikuwa na tope zaidi.

Delmar akafika akihema kama trekta la zamani, kofia mkononi. Marla akavuta shati lake, sehemu ya tumboni iliyokuwa safi, akafuta kidole kwa nguvu.

"Ala! Hilo shati la..."

"Tulia, Baba."

Akagusa mara ya kwanza. Ikaingia. Akagusa mara ya pili. Ikaingia. Ukurasa ukamuuliza kama ana uhakika, maana yakishatumwa hayarudishwi. Ukazunguka, ukazunguka. Chini bondeni ng'ombe wakaanza kulalamika.

"Umetuma na ile ya hesabu za kuvunjika shingo?" Delmar akauliza kwa sauti ndogo.

"Yote."

"Yote yote?"

"Wote wa uani, Baba. Na wa nyuma ya banda."

Ukurasa ukasema umepokea. Marla akakaa chini kwenye changarawe. Delmar akamtazama, akavaa kofia, akaivua, akaitazama kofia mkononi mwake, na nadhani hapo ndipo alipomkumbuka Virgil, maana aliivaa tena haraka.

"Twende tukakamue," akasema. "Wale kule wameanza kunitukana kwa jina."

Usiku huo, na kesho yake, na wiki zilizofuata, Marla hakutulia zaidi kuliko mwanzo. Alikuwa na hofu ya kuficha, sasa akawa na hofu ya kuonyesha. Aliunguza maziwa ya ndama. Alimpigia Daktari Pruss kumuuliza ng'ombe fulani anaendeleaje, na Daktari akamwambia ng'ombe huyo aliuzwa mwaka juzi. Mahindi yakaisha shambani, watu wakaingia msituni kuwinda kulungu wakatoka, theluji ikaanguka ikaziba hadi sanduku la barua.

Theluji ikiwa nyingi, chuo kikamwita kuhojiwa.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Katikati profesa mzee mwenye ndevu nyeupe, mbele yake karatasi zote tatu zimetandazwa kama karata. Akaziangalia. Akamwangalia Marla. Akaweka kidole juu ya ile ya kwanza, pale pale, kwenye hesabu, na Marla akajua sasa kofia inavuliwa.

"Hizi hesabu ni za nani?"

"Zangu."

"Na hizi?" Kidole kikahamia karatasi ya pili.

"Zangu pia."

"Mtu huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Ilikuwaje hapa mwanzo?"

Marla alikuwa ameandaa jibu zuri, refu, lenye maneno kama bidii na ustahimilivu. Likamtoroka lote. Akajikuta anawaambia habari ya redio, na polka, na siku ile ilipoharibika na baba yake akaimba, na lile tumbo la jirani lililonguruma ndani ya kimya. Alipofika kwenye tumbo, mama aliyekaa kulia akaanza kucheka, na sauti yake ilikuwa tamu kama keki, ile ile ya kwenye simu. Profesa hakucheka. Aliuliza, "Lilikuwa linanguruma upande gani?"

"Kushoto juu. Gesi. Si la kuitia daktari."

Hapo ndipo naye akacheka.

Simu ilipopigwa, Marla alikuwa zizini kwa jirani, ameshika mkia, na Daktari Pruss mkono wake ukiwa ndani mpaka begani. Zizi hilo lilikuwa juu mlimani, mtandao upo. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema asante, akasema ndiyo tena. Akairudisha simu mfukoni. Mkia hakuuachia.

"Wamesemaje?" Daktari Pruss akauliza, macho amefumba.

"Wamenichukua."

Daktari akafumbua macho.

"Miaka minne," akasema.

"Miaka minne, Daktari."

"Basi itabidi ninunue magoti mapya." Akautoa mkono, akaufuta taratibu kuliko kawaida, pembeni pembeni, kama mtu anayetafuta mahali pa kutazama. "Na wewe acha kutetemesha huo mkia. Unamtia ng'ombe wasiwasi."

"Sitetemi," Marla akasema. "Nawaza tu. Nikienda, atakushikia mkia nani?"